Kadi Yenye Jina Langu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Mie nipo, Alhamdulillahi, ila baridi ya huku Uingereza inanipasua midomo. Kifua chako vipi? Bado unakohoa alfajiri? Na paa la uani limestahimili mvua za masika?

Barua yako nimeipata. Unasema Shangazi Raya anakuja Unguja mwezi ujao, na ameahidi kumfungulia mdogo wangu Amour akaunti kwenye benki ya hapo Mjini, ile inayotoa kadi za mashine, halafu kadi akae nayo yeye mpaka kijana apate akili. Mama, nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, usikubali. Nisikilize kwanza yaliyonikuta.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nakaa kwa Shangazi huku, nilipopata kazi ya Jumamosi kwenye duka moja kubwa, kwenye kaunta ya kulipia. Shangazi akanipeleka benki, tukafungua akaunti ya vijana ya kuingizia mshahara wangu. Kadi ilipokuja kwa posta ilikuwa na jina langu kwa herufi zilizotokeza. Niliipapasa kwa vidole, siamini.

"Lete nikuwekee," akanambia. "Watoto wa huku wanaharibiwa na kadi hizi. Na namba yake ya siri nambie, usije ukaisahau."

Nikampa. Dada wa baba yangu, ningemkatalia vipi? Nilipomaliza skuli nikawa nafanya kazi kila siku, na nauli ya basi namwomba yeye.

Kisha ukalazwa. Nilimfuata jikoni, nikampigia magoti. "Shangazi, mtumie Mama chochote katika zangu." Alikuwa anakaanga sambusa, hata hakugeuka.

"Zako zipi? Nshazimaliza kukulisha. Ulidhani humu unakula bure?"

Baada ya wiki tatu Amour akaniandikia kuwa umeuza cherehani upate dawa. Na wewe ukaniandikia mistari miwili tu: "Mwanangu umenisahau. Haidhuru." Ungenilaani ingekuwa afadhali. Hiyo "haidhuru" nilikaa nayo kifuani kama mwiba wa samaki.

Siku niliyotimiza miaka kumi na minane nikenda benki peke yangu. Karani, binti mpole, akanambia akaunti ni yangu tangu siku ya kwanza na kadi ile hakuna mwengine mwenye ruhusa ya kuitumia. Akanitolea karatasi za fedha zilizoingia na kutoka miaka yote miwili. Mama, siku ile niliyopiga magoti fedha zilikuwepo. Kesho yake zilinunua mapazia ya sebuleni, na mie mwenyewe ndiye niliyepanda kiti kuyatundika.

Akanieleza kadi za watu wa umri wangu: ipo ya kutolea fedha kwenye mashine tu, ipo ya kulipia dukani kwa kile ulichonacho, na ipo ya kukopa. Nikachukua ya pili. Nikamwambia isipelekwe nyumbani, nitaifuata mwenyewe.

"Na hii ya zamani?" akaniuliza.

"Izuie."

Shangazi sikumwambia neno. Ningeweza kumwambia. Sikutaka.

Jumamosi ikafika, akaja dukani na mashoga zake wawili kununua vitu vya harusi ya mtoto wa mmoja wao. Toroli limejaa mpaka juu. Akaja kwenye kaunta yangu makusudi, ili wenzake waone nilivyo chini yake. "Haya, fanya haraka," akanambia, akanitupia kadi.

Nikaipitisha. Mashine ikakataa. Nikaipitisha tena, polepole, na yeye anatazama.

"Kadi hii imezuiwa," nikasema kwa Kiswahili, sauti ya kusikika. "Na ina jina la mtu. Ni jina lako, Bi?"

"We Zuwena! Unanitia haya mbele za watu?"

"Nakuuliza tu. Ni jina lako?"

Wale mashoga wakainama kuisoma, mmoja baada ya mwengine. Sheria ya duka letu, kadi iliyozuiwa haimrudii aliyeileta. Nikatoa mkasi kwenye droo nikaikata vipande viwili mbele ya macho yake. Akatoka mikono mitupu, na toroli likabaki pale pale.

Jioni ile nikahama kwake. Sasa nimepanga chumba na msichana wa kazini. Shangazi anapiga simu, analia, anasema mie ni damu yake. Najua na wewe utanambia nisamehe. Mama, mwenye kovu usidhani kapoa.

Amour mpeleke benki wewe mwenyewe. Kadi akae nayo yeye, na namba yake ya siri asimwambie mtu, hata mie.

Nisalimie Bi Mwanakheri, jirani yetu aliyekupeleka hospitali. Hisani yake sitaisahau. Mdogo wangu Amour mwambie asome. Na Ami Seif, kaka mkubwa wa Baba na Shangazi, mpe shikamoo yangu, umwambie nimempelekea nakala ya zile karatasi za benki kwa mtu anayekuja huko wiki hii. Namwomba siku Shangazi atakapofika awaite watu wa ukoo mzima hapo mtaani Jang'ombe, wamkaribishe, wamtilie chai, kisha Ami mwenyewe azisome zile karatasi moja moja kwa sauti. Sitaki Shangazi arudishe kitu. Nataka akae katikati yao akose pa kutupa macho.

Ni mie mwanao, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Zuwena