Kilima Chenye Jina Lako

Mpendwa Baba Mkwe,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo hukuijua zaidi ya "karibu chai". Kwa Kiingereza tulielewana miaka yote, lakini kilikuwa cha kuazima kwako na kwangu, na leo sina nguvu za kuazima.

Ulipofiwa na mama mkwe, mwanao alikuleta kwetu mjini Walthamstow. Ulishinda dirishani ukitazama mapipa ya taka ya jirani. Siku moja nikatandaza mezani ramani ya kwenu Uskochi, nikidhani itakufurahisha. Ulinuna. Vilima vya nyuma ya nyumba yenu, ulisema, ramani haivitaji kabisa, na waliobaki wakijua majina yake ya Kigaeli ni wewe na ndugu yako, naye ameshazikwa.

Ndipo Jumapili zetu zikaanza. Shuleni mlifundishwa Kiingereza tu, kwa hiyo lugha ya mama yako uliisema vizuri ila kuiandika hukuweza. Wewe ukitamka, mimi nafungua kamusi, tunabishana herufi mpaka chai inapoa, kisha naandika daftarini, jina upande mmoja, maana upande wa pili. Meall nan Gobhar, kilima cha mbuzi. Druim nam Bò, mgongo wa ng'ombe. Cnoc na Caillich, kilima cha bibi kizee, na hapo ukasema afadhali mama mkwe hayupo, angedhani unamsema yeye. Mwanao alikuwa akipita na kikombe chake, haelewi hata neno. Sikumcheka. Wanangu nao nawasemesha Kinyakyusa, wananijibu Kiingereza.

Kikabaki kimoja. Kilikuwa na jina la babu yako, ambalo ndilo ulilorithi. Nami ni mtu wa Tukuyu. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata nyumba iwe inaungua. Nilipokueleza ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha uso ukakubadilika.

"Hicho nitakisema mwenyewe," uliniambia. "Kwa nini kiliitwa hivyo ni habari ndefu, na si nzuri. Subiri Jumapili."

Jumamosi ukaanguka bafuni.

Hospitalini nilikuita Baba asubuhi nzima, hukugeuka. Mwanao alikuwa njiani, treni zimekwama. Nesi mmoja Mkenya, aliyekuja kubadilisha dripu, alinisikia nikinong'ona sala kwa Kiswahili, akanigusa bega. "Muite na jina yake, dada. Saa zingine hiyo ndiyo wanasikia."

Niliona aibu mbele ya mama yangu aliye kaburini. Nikainama, nikakuita: Iain.

Ukafumbua macho. Ukanishika mkono, ukaanza kusema kwa Kigaeli, polepole, maneno mengi, kama mtu anayesimulia tangu mwanzo. Nilitega sikio nipate mbuzi, ng'ombe, bibi kizee, maneno niliyokuwa nayo. Hukutaja hata moja. Ulipomaliza ukafumba macho, na hukuyafumbua tena.

Kilima nimekiandika, herufi zote ziko sawa. Upande wa maana ni mtupu, na utabaki hivyo. Nina uchungu, na kila nikivipitia vile vilima vingine uchungu unazidi.

Mwanao alifika jioni. Nilimwambia ulizungumza. Akakaa kitandani, akakushika miguu, akaniuliza baba yake amesema nini. Mtoto wako wa kuzaa, Baba, ananiuliza mimi.

Pumzika, Baba.

Mkaza mwanao