Chenga Kwenye Uso wa Mama

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimefua mashuka tena. Baridi ya Juni haikaushi kitu. Wafula amekunywa uji nusu kikombe, akatapika, akanywa tena. Jicho la kushoto limezimika tangu Aprili. La kulia anasema linaona kama dirisha lenye mvuke. Watoto niliwapeleka Njiru kwa dada yangu alipozidiwa.

Barasa, mdogo wake, ametuma kanda ya video na dereva wa basi la Bungoma. Mazishi ya mama yao. Wafula ndiye kifungua mimba, na hakuweza kwenda kumzika mama yake. Ameishika kanda siku nzima. Anataka kuuona uso kabla jicho la pili halijafuata mwenzake. Hilo tu. Mume wangu hajaniomba kitu kingine tangu Pasaka.

Televisheni tunayo, ile ndogo aliyonunua akiwa bado kiwandani. Deki ya kuchezea kanda hatuna.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwomba Mama Sifa deki yake. Ndiye wa nyumba ya mbele, sisi tuko chumba cha uani. Amekataa kuileta humu ndani. Nikasema basi nitambeba Wafula hadi sebuleni kwake. Akatazama makochi. Akasema akina mama wa kanisa hukaa pale. Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mama Naliaka, kanda icheze huku kwangu. Wewe vuta waya upeleke picha kwako."

Kwa hiyo waya unaruhusiwa kuingia kwa mgonjwa. Watu na deki, hapana. Nimekubali. Mtaka cha mvunguni huinama.

Alhamisi, 6 Juni

Waya niliopata ni wa spika za redio yetu iliyokufa. Vipande vipande. Nimeviunganisha nikavifunga selotepu, nikavitoa dirishani kwa Mama Sifa, juu ya ua sambamba na waya wa stima, hadi nyuma ya televisheni yetu. Nikajiona fundi.

Sauti ilikuja na mngurumo. Wanaimba, wanalia. Picha ilikuwa chenga tupu. Watu ni vivuli, kila mmoja na pacha wake kando. Walipofungua jeneza, Wafula alisogea hadi pua ikagusa kioo.

"Ndiye huyu?"

Lilikuwa shada la maua. Nikamwambia ndiye. Akarudi kulala akiangalia ukuta. Alijua.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeenda kwa fundi wa redio, Umoja sokoni. Njoroge, yule mcheshi. Nilipomweleza nilichofanya alicheka hadi akaweka chini chuma cha kuchomelea.

"Mathe, hiyo ni ya spika. Inabeba sauti tu. Picha yote inamwagika njiani."

Kumbe inatakiwa waya mnene wa antena, wenye shaba katikati na wavu wa nyuzi kuizunguka. Uwe mzima. Kila kiungo kinakula picha. Ukae mbali na wa stima. Usikunjwe kwa nguvu kwenye kona. Na uzi mmoja wa wavu ukigusa ile shaba, basi umeua kila kitu.

Sina pesa za kuununua. Nikarudi nikitazama mapaa ya watu kama mwizi. Juu ya paa la Mama Sifa kuna antena mpya, na ile kuukuu bado imening'inia na waya wake mrefu, mzima. Nimeomba tena. Amekubali upesi. Nadhani ni aibu. Aibu pia ni kitu, nitaitumia.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi Wafula ameuliza kwa nini sijafungua pazia. Lilikuwa wazi.

Nimepanda stuli nikapitisha waya ule upande wa pili wa ua, mbali na stima. Kona nimezizungusha pana. Ncha nimezimenya kwa kisu cha jikoni, nyuzi nimezirudisha nyuma moja moja kama ninayesuka nywele za mtoto. Kisha stima zikapotea mtaa mzima. Nimekaa chini pale uani nikalia. Hasira tu.

Zilirudi alasiri, Wafula amelala. Mama Sifa akawasha kwake, nami nikatazama huku peke yangu, sauti chini. Picha safi. Hakuna chenga hata moja. Nimeona uso wa mama mkwe, nimeona hadi kifungo cha blauzi yake.

Nilipaswa kuizima hapo. Nikaiacha iendelee. Kaburi limeshafukiwa, watu wanatawanyika, baba mdogo wa Wafula anasimama na fimbo. Anaonyesha nyasi pembeni ya kaburi. Anawaambia vijana: "Hapa msipande kitu."

Kwetu mtu aliye hai haonyeshwi kaburi lake. Wao wamempimia Wafula mahali angali anakunywa uji. Na Barasa yuko pale pale, anatikisa kichwa kukubali. Halafu anatuma kanda. Hakuitazama? Au aliitazama? Ningekuwa naye ningemzaba kofi.

Wiki nzima nimepigana na chenga. Sasa nazitaka zirudi.

Jumapili, 9 Juni

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Uso auone. Fimbo ikija, nalegeza waya nyuma ya televisheni.

Ameuona uso. Kamera ilitulia pale na yeye akatulia. Alimwita mama, "mayi", mara mbili, kama mtoto anayetoka shule. Akasema amekonda. Akauliza nani aliyemvisha kitambaa cha kijani wakati alichukia kijani. Halafu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia mwaka huu. Singebadilisha saa ile na kitu chochote.

Nikahamia nyuma ya televisheni. Fimbo ikaja. Nikavuta kidogo. Chenga.

"Umeshika waya," akasema.

Nikasema umelegea wenyewe.

"Mama Naliaka. Maneno nimeyasikia. Rudisha nione ni wapi."

Nilisimama na ule waya mkononi. Ningeweza kuukata. Sikuweza. Nikatoka hadi dirishani kwa Mama Sifa nikamwomba arudishe kanda nyuma, nikaja nikakaza ncha. Fimbo ikaja tena, safi, na kila unyasi unahesabika. Wafula akatazama na jicho lake moja, karibu kabisa na kioo. Mimi nilimtazama yeye. Nilidhani atavunjika.

"Hapo maji hutuama," akasema. "Tulikuwa tukishika vyura hapo. Mwambie Barasa achimbe mtaro upande wa juu."

Akaomba chai. Nikampikia. Nikamwaga majani.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepiga simu duka la sokoni kule nyumbani, Barasa akaitwa. Nilikuwa nimemwandalia matusi. Nikampa tu ujumbe wa mtaro. Aliuliza upande gani, nikamwambia wa juu. Kisha akasema, "Atakuwa na mtaro, shemeji." Sauti ilikuwa ya mtu anayelia. Matusi nimerudi nayo.

Nimekunja waya vizuri nikampelekea Mama Sifa. Hakuupokea. Mikono ameiweka nyuma.

"Baki nao tu."

Nilimwelewa. Umeingia kwa mgonjwa, basi nao ni mgonjwa. Nikamwambia asante, nikarudi nao chumbani.

Alhamisi, 27 Juni

Jicho la kulia limezimika. Hakupiga kelele. Aliniambia tu nikiwa namlisha, kama anayesema chumvi imezidi.

Jioni ameniomba nimsimulie kanda. Nimemsimulia yote, hadi kitambaa cha kijani. Nilipofika kwenye fimbo nimeendelea hadi kwenye mtaro, nikamwambia ulivyo mrefu na jinsi maji yanavyoufuata. Sijauona. Yeye anajua sijauona. Anasikiliza.

Jumamosi, 20 Julai

Nimerudi Nairobi jana. Watoto wamebaki Njiru kwa dada yangu hadi nipange chumba.

Usiku wa kuamkia mazishi ya Wafula ilinyesha mvua kubwa kule Bungoma. Nilienda kutazama alfajiri kabla ya watu. Barasa aliuchimba mtaro wa kina, kuanzia juu kwenye migomba hadi mtoni. Maji yalikuwa yakipita humo. Pale pa fimbo palikuwa pakavu.

Leo nimefua mashuka yake yote. Kamba haikutosha. Mengine nimeyaanika kwenye ule waya.