Mama Amekuwa Mkazi Asiyejulikana

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na kabla sijasema lolote nauliza: hujambo? Shemeji naye, mgongo umemwachia? Na wale mapacha bado wanapigana, au wameshagawana dunia wakaelewana? Sisi huku tu wazima. Mama anakula, analala, na ukimtajia daktari ananuna, yaani ni yule yule. Mimi mwili hauna neno, ila kichwa, dada, kichwa kinatokota. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza uniambie nivute pumzi kwanza, na mimi pumzi ya kuvuta sina. Humu ndani nimetia na picha. Ziweke pembeni, usizitazame mpaka umalize kusoma.

Unajua kwamba baraza la mji limeligeuza soko la zamani kuwa ukumbi wa picha za kale. Afisa wao, yule tunayemwita Bwana Mezani kwa kuwa kila ukimfuata utaambiwa jambo lako liko mezani, alikuja kwenye studio ya picha ya marehemu Babu mwaka jana. Akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akanywa chai yetu vikombe viwili, akasema picha za Babu ni hazina ya mji mzima. Nilivimba kichwa, sitakuficha. Filamu zote za Babu nilikuwa nimeshazihamishia kwenye kompyuta mwenyewe, mia nne na kumi na moja, bila kufundishwa na mtu. Nilijitengenezea sanduku la mbao, taa ndani, plastiki nyeupe juu, kamera nimeiinamisha kama kuku anayekunywa maji. Mwaka mzima. Nikampa zote kwenye flashi, nikamwambia chukua, ni za mji.

Basi Jumamosi ya wiki mbili zilizopita ikawa ufunguzi. Mama alilipiga pasi mara mbili lile gauni la kijivu alilostaafia kazi, akalivaa, kola ikasimama yenyewe. Tukafika asubuhi mapema. Ukumbi umepakwa rangi, picha zimetiwa fremu nyeusi, kila moja na kibao chake cha maandishi. Kwa mbali, dada, machozi yalinilenga. Nikasogea karibu, yakakauka.

Wamekata watu! Picha ya ile barabara ya maduka, unaikumbuka, yenye wauza duka wote wamesimama kila mmoja mlangoni kwake kama wanasubiri kukaguliwa? Wameikata kuanzia usawa wa vifua kwenda chini, ili eti majengo yaonekane vizuri. Zimebaki paa, vibao vya maduka na vichwa vinavyoelea kama vya kuku sokoni. Mlango wa fundi cherehani ulikuwa pembeni, na pembeni nako wamekata, hata kichwa hakikubaki, kimebaki kiwiko cha mkono aliouinua kushika mlango. Na fundi mwenyewe alikuwepo pale, na fimbo yake, miaka themanini na ushee. Akaitazama picha weee, kisha akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia kama kuna mtu anaweza kumwonyesha mwili wake umekwenda wapi, maana kiwiko anakitambua, kile ni chake, kovu la pasi lile pale, lakini yeye mwenyewe amepotelea njiani. Watu wakacheka mpaka soda zikawatoka puani. Mimi sikucheka.

Kwa sababu nilikuwa nimeshaiona ya Mama.

Ni ile ya posta, akiwa na miaka kumi na tisa, amekaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu, vifaa vya kusikilizia kichwani, waya mkono huu na waya mkono ule. Picha nzuri kuliko zote, na hiyo hawakuikata. Chini yake wameandika: Mwendesha mitambo ya simu, mkazi asiyejulikana.

Asiyejulikana! Mama! Mji huu kwa miaka ishirini na sita mtu hakuweza kumpigia mwenzake simu bila kupitia mikononi mwake. Nani aliposwa, nani alifiwa, nani alimkimbia mumewe, wote walianza kwa kumwambia yeye habari za asubuhi. Mpaka leo akiingia dukani akasema naomba sabuni, wazee wanageuka, wameitambua sauti kabla ya sura. Na pale ukumbini alikuwa amesimama chini ya picha yake mwenyewe, soda mkononi, na watu wanapita wanasoma asiyejulikana, wanamwambia samahani mama, sogea kidogo tuone.

Yeye alivua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio, akasoma tena. Kisha akasema bora wameandika mkazi, wangeweza kuandika mzururaji. Akaenda kutafuta kiti. Unamjua Mama, likimuuma sana ndipo anapotania.

Nikazunguka ukumbi mzima kama mwenda wazimu. Mwokaji mikate na mkewe siku ya harusi yao, hawajulikani. Mwalimu aliyetufundisha kusoma sote, hajulikani. Mkunga aliyewatoa nusu ya watu waliokuwa mle ndani, hajulikani, na binti yake amesimama hatua tatu kutoka hapo! Jamani, kweli ilishindikana kumwita mzee mmoja, mmoja tu, ukampa kiti ukamuuliza huyu nani?

Basi mdomo ukanitoka. Bwana Mezani alikuwa anamtembeza mgeni rasmi, anamwonyesha paa. Nikamkata njia. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba amewaua watu wa mji huu mara ya pili, tena wengine bado hawajafa mara ya kwanza. Nikamwambia Babu alifanya kazi miaka arobaini katika chumba chenye giza ili watu wajulikane, na yeye kawafuta kwa mchana mmoja. Akasema, polepole, na tabasamu lake la ofisini, kwamba baraza liliandika kile lilichopewa. Nikamwita mwongo. Ndiyo, dada, neno hilo hilo. Watu wakapiga makofi. Fundi cherehani akainua fimbo akasema hata kiwiko chake kinaunga mkono.

Ungeniona wiki hiyo! Nilipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya malalamiko, nikakusanya sahihi mia moja na tisa. Siku tatu nikashinda kwenye korido ya baraza, kwenye lile benchi lenye mguu mmoja mfupi. Kila katibu wake alipotoka kuniambia jambo langu liko mezani, nilimwomba basi anionyeshe hiyo meza. Siku ya tatu nikaingizwa.

Na nikashinda! Bwana Mezani alikubali picha zirudishwe nzima, na watu wao na miguu yao. Na majina yatawekwa. Ila kuna kitabu, dada, kitabu cha picha hizi hizi, kitakwenda shule zote na maktaba, na kinaingia mtamboni tarehe ishirini ya mwezi ujao. Jina litakalofika kabla ya siku hiyo litachapwa. Lisilofika, mtu huyo atabaki hajulikani, na kitabu si kibao cha ukutani kwamba utakuja kukibandua. Nikamwambia asiwe na shaka, nitamletea yote. Babu hakuwa mtu wa kazi ya ovyo. Lazima aliandika mahali.

Nikarudi nyumbani nimenyoosha shingo kama jogoo. Nikamuuliza Mama daftari la majina la Babu liko wapi.

Akasema daftari halikuwepo. Babu alikuwa anaandika kwenye zile bahasha za filamu. Nikasema hapana, bahasha nazijua, zimepita mikononi mwangu zote, juu yake kuna namba na saizi za picha tu, mbili ndogo, moja kubwa, basi. Mama akanitazama kama mtu anayetazama mtoto asiyejua kufunga viatu. Akasema nje, ndiyo, namba na saizi. Jina lilikuwa ndani, chini ya kile kifuniko cha bahasha. Kwa sababu wateja walikuwa wanapekua trei ya bahasha wenyewe kutafuta picha zao, na siku moja mtu alikuta jina la binti fulani kwenye bahasha ya picha ya kupelekwa kwa mchumba, mji ukalipuka kabla mchumba mwenyewe hajaiona. Tangu siku hiyo Babu akasema jina la mtu si tangazo. Jina, siku aliyopigwa picha, wakati mwingine na jina la mzazi wake, vyote chini ya kifuniko.

Sasa, dada, kaa chini kama umesimama.

Mimi zile bahasha nilizichoma.

Nilizichoma zote. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba karatasi kuukuu inakula filamu, kwamba mtaalamu wa kweli anazihamishia kwenye mifuko ya plastiki. Na mimi nilitaka kuwa mtaalamu wa kweli. Zilinuka siki, zilikuwa na wadudu, vifuniko vimegandana. Sikuwa na subira ya kuvibandua. Nilichukua mkasi, nikakata bahasha upande wa chini, filamu ikateleza ikatoka, nikaipa namba yangu mpya safi, bahasha nikaitupa kwenye pipa la bati nyuma ya nyumba. Siku mbili ziliwaka. Nilijisifu hata, nikasema studio sasa inapumua.

Na wewe ulipiga simu siku ya pili. Unakumbuka? Ukauliza nafanya nini, nikasema nasafisha studio. Ukasema nisitupe kitu chochote mpaka uje. Nikasema sawa dada. Pipa lilikuwa linafuka mbele yangu.

Bwana Mezani hakusema uongo. Alipokuja kuchukua flashi aliniuliza kama kuna majina, akaniuliza tena mlangoni. Nilimjibu Babu hakuwa anaandika majina, kwa ujuaji wangu, na kikombe cha chai mkononi. Ni kweli hakuuliza wazee, na ni kweli alikata watu miguu, kwa hayo simsamehe na sitanyamaza. Lakini hayo mengine ni yangu. Nyani haoni kundule, na mimi nililionyesha langu mbele ya mgeni rasmi huku nikimnyooshea kidole mwenzangu.

Bado sijafika kwenye linaloniuma zaidi. Mama aliendelea kueleza, hana habari. Akasema mikono ya Babu ilipoanza kutetemeka, majina aliyaandika mjukuu wake mkubwa, kila likizo, tangu akiwa na miaka kumi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ulimi nje kwa bidii. Mimi sikujua. Nilikuwa sijazaliwa. Ule ulikuwa mwandiko wako, dada. Nimechoma utoto wako pia.

Nikamdanganya Mama kwamba bahasha zimeliwa na wadudu. Yeye na fundi cherehani na binti wa mkunga wamekaa na mimi mezani wiki nzima, kila picha tumeigeuza na kuigombania. Wengi tumewapata. Wamebaki sitini na tatu ambao hakuna anayewajua. Ndio hao niliotia humu. Wengine walikuwa wapita njia, wafanyakazi wa reli, watu waliokufa bila ndugu hapa. Hawakuandikwa popote duniani isipokuwa chini ya vile vifuniko, na wewe ndiye uliyewaandika. Kaa nao. Huenda ukiitazama sura mkono ukakumbuka wenyewe. Andika nyuma kwa penseli, kalamu ya wino inapenya. Hata watano. Hata mmoja, dada.

Mama nitamwambia leo, nikishaitia barua hii posta, kabla sijapata nafasi ya kughairi. Na Jumamosi ukumbi ukifunguliwa nitasimama pale pale nilipomwita mtu mwongo, niseme mbele ya wale wale walionipigia makofi. Bwana Mezani nimeshamwandikia ombi moja. Wale watakaobaki bila jina, nimemwomba kitabuni asiandike kwamba hawajulikani. Si kweli. Walijulikana. Aandike hivi: Jina lake liliandikwa, likachomwa na mjukuu wa mpiga picha.

Nisalimie shemeji, na mapacha uwabusu hata kama wana matope. Ukitaka kunitukana, nitukane, ila picha zirudishe kabla ya tarehe ishirini.

Ni mimi mdogo wako,
yule mnayemwita Kiherehere, na hamkukosea.