Kikapu cha Sungura Nyumbani kwa Bi Asmahani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwamvua Safari Nasri
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Makorora, Tanga

Mimi nafuga sungura. Wengine huletwa na watu waliowachoka, nami nawatafutia wa kuwachukua. Simpi mtu sungura kabla sijaona mahali atakapomweka. Mwezi Februari 2024 nilikosea. Kijana aitwaye Edgar aliniomba wawili wa kufuga, nikampa bila kwenda kwake, kwa kuwa aliniamkia kwa adabu.

Mnamo tarehe 14 Machi 2024, saa nane mchana, alirudi akitaka mwingine. Nikamwambia, "Leo naliona banda kwanza." Alisita, kisha akakubali. Nilimtia sungura jike mweupe kwenye kikapu, tukaenda nyumba ya Bi Asmahani, alikopanga chumba.

Tulifika saa nane na robo. Bi Asmahani alikuwa uani anafua. Mjukuu wake Khuloud, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa amelala mkekani, ukumbini. Edgar alifungua chumba chake. Sikuona banda. Niliona sanduku kubwa la mbao, wavu wake umeng'oka upande mmoja.

Nilimuuliza, "Wale wawili wako wapi?"

Alikuwa analitazama sanduku. Akasema polepole, "Mama, ametoka."

"Nani?"

"Chatu."

Ukuta wa chumba kile haufiki paa. Niligeuka ukumbini. Chatu alikuwa chini ya kochi, mnene kama paja langu, kichwa kama hatua mbili kutoka miguu ya mtoto. Nilimwambia Edgar amchukue mtoto. Akasema, "Siwezi, mama. Usipige kelele, watu watamuua."

Nilifungua kikapu, nikakilaza sakafuni, nikakisukuma kwa mguu upande wa nyoka. Kichwa kikakifuata. Nikaushika mkeka, nikamburuta mtoto nao hadi uani. Nyuma yangu sungura alilia mara moja. Sungura huwa hawalii, afande. Yule nilimnywesha maziwa kwa bomba la sindano tangu hajafumbua macho.

Bi Asmahani alipiga kelele, majirani wakaja na mapanga. Edgar alikimbia, wakamkamata. Mtoto hana jeraha. Ukumbini walikuta kikapu kitupu, chatu hayupo.

Askari wa wanyamapori wametafuta hadi magharibi, hawajampata. Kwangu ni nyumba ya nne kutoka pale. Nina sungura kumi na mmoja, na banda lao liko chini ya dirisha la chumba anacholala mama yangu mzazi. Dirisha lile halina wavu.

Niliyoeleza ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, nimekubali ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: M. S. Nasri

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Ernesti, saa 1:20 usiku, tarehe 14 Machi 2024. Shahidi amesaini mara ya pili. Sahihi ya kwanza haikusomeka. Ameomba kusindikizwa nyumbani. Nimekwenda naye mwenyewe, na tochi.