Baba, Mpigie Tena Mnunuzi

Baba, shikamoo. Ukitoka shamba tu, mpigie tena yule mnunuzi wa alizeti, aje leo leo! Asubuhi uliponiuliza tuuze sasa au tungoje bei ya Krismasi, nilipiga hesabu kwa mbwembwe nikakwambia tungoje, nawe ukampigia mtu wa watu asije. Nimekuja kushtuka napiga mswaki: nilizidisha pale pa kugawanya! Nimecheka mpaka povu likanipalia. Mtihani wa fedha wa ngazi ya juu huo unakuja, na mimi nimeangushwa na somo la mwanzo kabisa, lile linalosema shilingi ya kesho haifikii ya leo, tena mbele ya magunia yetu wenyewe.

~~Sirudii masomo ya nyuma, muda hautoshi.~~ Narudia! Nimekimbilia kule Mkiwa kwa Rahma, anayeanza masomo haya, kuvichukua vile vitabu vya mwanzo nilivyomgawia kwa maringo.

Mdogo wangu Emiliana, maharage yapo jikoni, yaongezee maji.

Mama, ulinionya nianzie nyuma, nikakujibu huko nilishavuka. Kicheko chako kitunze mpaka nifike, nisikikose.

Binti yenu,
~~mhasibu~~ mwanafunzi