Kipigo Halisi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu, pamoja na hao watoto wanaoniita shangazi kwa sauti ya kudai zawadi. Goti lako je? Nasikia umerudi kufundisha judo huku unachechemea, eti ukikaa nyumbani wifi atakuoshesha madirisha. Mimi sijambo, isipokuwa taya linaniuma nikitafuna upande wa kushoto, na mbavu ambazo daktari anasema zimeshaunga. Najua hapo umekunja uso. Vumilia nikueleze kwa mpangilio.

Nilipokuandikia kwamba nimepata kazi kwenye kampuni ya gemu za simu, ulicheka ukauliza tangu lini mtu mzima analipwa kucheza. Kazi yenyewe ilikuwa kupigana. Nilivaa suti nyeusi ya kubana, imejaa vidoti vinavyong'aa, nikasimama kwenye mkeka ndani ya chumba kisicho na dirisha, na kamera za ukutani zikasoma kila kiungo changu kinavyosogea. Nikirusha mguu, kwenye kompyuta jitu lenye mapembe linarusha mguu. Mwenzangu alikuwa bondia tuliyemwita Nondo, mpole kweli, mikono kama magogo. Tulipigana kwa kupimiana: ngumi inafika shavuni, inasimama, mimi naangusha kichwa kana kwamba kimekatika. Mkataba tuliosaini ulisema kila mwendo tunaoufanya kwa ajili ya gemu ni mali ya kampuni. Sikuona ubaya. Miondoko yangu ya kuanguka ningeifanyia nini?

Gemu hiyo kuipakua ni bure, na mtego uko hapo hapo. Msichana mmoja mbunifu, anayekaa karibu na jiko la ofisi, alinieleza tukinywa chai. Alisema mechi za mwanzo wamezilegeza makusudi ili mchezaji ajione shujaa. Akishanogewa, anapigwa mpaka anadhalilika, kisha linachomoza sanduku: lipia, huenda ndani mna pigo la kulipizia kisasi. Huenda. Hujui mpaka ulipie. Alisema alisomea kubuni michezo, sasa anabuni hasira za watu. Nilimwonea huruma, nikamaliza chai yangu, nikarudi mkekani kutengeneza vitu vya kutiwa humo masandukuni.

Halafu akaja mkuu wa masoko, mtu wa manukato makali na viatu vyeupe. Alitazama kazi yetu akasema haina roho. Alitaka tangazo ambalo mtu akiliona atashika shavu lake mwenyewe. Kesho yake akaniambia tunafanya mazoezi ya kawaida tu. Kisha, kama nilivyokuja kujua baadaye, akamwita Nondo pembeni, akamwambia kwamba mimi nimekubali kupigwa kweli, ila nimeomba tusilizungumzie nisije nikaingiwa na woga.

Kaka, ngumi ya kwanza niliipokea nikitabasamu. Nilisikia taya likilia kama mlango mbovu, nikadhani ameteleza. Nikainua mkono kumsimamisha. Yeye akaona naigiza vizuri, akanizamisha goti mbavuni. Pumzi ikakatika. Damu ikanijaa mdomoni, nikamtemea suti yote. Nikasema, "Basi! Basi!" kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu. Nondo akasita, akatazama kile kioo cha ukutani ambacho wakubwa hututazamia kutoka chumba cha pili. Nyuma ya kioo mkuu wa masoko akapaza sauti, "Endelea! Hiyo hiyo!" Nondo akaninyanyua akanibwaga. Nikatambaa kuelekea mlangoni huku nikiuchafua mkeka kwa damu, na kamera zikaendelea kusoma jinsi mtu anavyotambaa.

Nondo alipogundua kwamba sikuwa najifanya, alipiga mayowe kama aliyepigwa yeye. Alinibeba hospitali na suti yangu ya vidoti, na kazini hakurudi tena. Mimi nilipopata nguvu nilikwenda kwa mkurugenzi. Akanitolea mkataba, akaweka kidole kwenye ile sentensi ya kila mwendo, akanitakia afya njema.

Siku ya uzinduzi wa gemu walinialika, nami nikaenda, sijui kwa nini. Ukumbi ulifurika vijana. Kwenye skrini kubwa lile jitu lenye mapembe lilipigwa taya, likapigwa mbavu, likatambaa. Lilitambaa kama mimi. Likasema "Basi! Basi!" kwa sauti yangu, na ukumbi mzima ukashangilia. Pigo hilo wameliita Kipigo Halisi, na wamelificha kwenye sanduku gumu kuliko yote kupatikana. Msichana mbunifu alitoka nje ameziba mdomo.

Mkuu wa masoko akaniita jukwaani niwaonyeshe wageni kidogo. Akavua koti, akakunja ngumi kwa mzaha, watu wakacheka. Akaninong'oneza, "Taratibu, dada. Haya ni maonyesho."

Nilimpiga taya. Macho yake yalishangaa kabla hayajaumwa. Nikampa goti la mbavu, akajikunja. Nikaushika mkono wake nikauzungusha kwa namna unayotukataza sisi wanafunzi wako kumfanyia mtu asiyejua judo. Ulivunjika, na kipaza sauti kikaupeleka mlio ule hadi viti vya nyuma. Watu wakainua simu zao, wakapiga miluzi. Alisema "Basi," kaka. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikampiga teke akiwa anatambaa, kisha nikampiga jingine. Walinzi walipopanda kunishika, walizomewa kwa kuharibu mchezo.

Nakuandikia nikiwa mahabusu.

Jana walikuja, mkurugenzi na yeye mwenyewe, mkono kwenye plasta, mdomo umeshonwa. Nilidhani wamekuja kunicheka. Wamekuja na karatasi. Video ile imesambaa kila mahali, na wachezaji wanalidai lile pigo la kuvunja mkono liingizwe kwenye gemu. Nikisaini kwamba yalikuwa maonyesho tuliyopatana, kesi inafutwa na ninarudi nyumbani. Yule bwana akasema kwa ule mdomo wake wa nyuzi kwamba tangu aanze kazi hajawahi kupata tangazo kama hili. Alikuwa na furaha, kaka. Furaha ya kweli.

Wakili naye ananishauri nisaini. Lakini nikisema ni maonyesho, basi ni mwendo wa gemu, na ni mali yao. Kwa hiyo kesho nitasimama mbele ya hakimu niseme sikuwa naigiza. Nilikusudia kumvunja mkono, na aliposema basi sikuacha, kwa sababu nilikuwa nasikia raha. Raha hiyo inanitisha, nawe usinitetee juu yake. Wakili anasema naweza kufungwa. Nimemwambia nimeelewa.

Mweleze mama wewe mwenyewe, taratibu, kabla jirani hajamwonyesha simu. Watoto waambie ukweli wa kiasi cha umri wao. Niletee sweta, humu sakafu ina baridi. Na hiyo video, tafadhali, usiifungue hata kwa kunionea huruma, maana kila anayeitazama wanamhesabu.

Nisalimie wifi, mwambie madirisha yasubiri goti lipone. Nawapenda nyote.

Ni mimi, mdogo wako,
kitinda mimba wa mama