Sekunde Kumi na Tisa za Dobi

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia cherehani umepoa. Mimi sijambo, ila macho yananiuma kwa kukodolea skrini kutwa. Wanangu hawajambo na wanakuulizia, mama yao mkubwa.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka miwili si siku mbili. Ungeweza kuichana barua bila kuifungua nisikulaumu, lakini nakujua: udadisi wako ni mkubwa kuliko hasira zako.

Filamu ya Dobi imetoka. Ni mchezo wetu ule ule wa nyimbo, ulioimba jukwaani miaka kumi na moja ukiwa Dobi mwenyewe. Hapo kwenu wameanza kuionyesha wiki iliyopita. Mimi ndiye mhariri wake, yaani vipande vyote vilivyopigwa picha, mimi ndiye niliyevikata na kuviunga.

Sasa sikiliza. Pale Dobi anapoinua shati kutoka kwenye beseni na kulitambua kuwa ni la mumewe aliyepotea, wewe hukuwa ukianza kuimba mara moja. Ulikuwa ukisimama na shati likichuruzika maji, ukumbi mzima kimya, ndipo unaimba. Ukimya huo nimeuacha kwenye filamu, sekunde kumi na tisa. Bosi wangu hautaki. Anasema watu wanadhani mtambo umeharibika. Nakala mpya za kupelekwa miji mingine zinatoka mwisho wa Aprili, na ameniambia niukate, labda nimletee sababu ya kuuacha.

Katika filamu hiyo sura si yako na sauti si yako. Kilichobaki chako ni hicho tu, na sitaki kukikata kwa mkono wangu mwenyewe. Nenda ukumbini, dada. Ukiona vibaya usiitazame filamu, watazame watu. Kisha uniambie wanafanya nini.

Mdogo wako,
Chiriku


17 Machi

Dada,

Shikamoo. U hali gani? Sisi tu wazima.

Sijapata jibu na sishangai. Acha niseme nililopaswa kusema kwenye barua ya kwanza, badala ya kuzunguka mbuyu. Siku uliyoitwa kujaribiwa kwa ajili ya filamu, ulipotoka tu chumbani bosi alisema sura yako imezeeka kwa kamera. Nilikuwepo. Nilihofia kazi yangu, nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta kalamu. Halafu nikakuacha ungoje simu wiki tatu nzima. Nilikukosea, dada, na naona aibu hadi leo.

Hata usiponijibu kuhusu filamu, nilitaka hilo ulisikie kutoka kwangu.

Mdogo wako,
Chiriku


26 Machi

Kwako Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo bado unauma, ahsante kwa kuuliza baada ya miaka miwili. Wanao nawasalimu mmoja mmoja, wao hawana kosa.

Kusamehe sijasamehe, ila nimekwenda. Nilikuwa nimejiapia kwamba mguu wangu hautakanyaga ukumbi huo. Jumamosi nikajikuta nimeacha pazia la mteja nusu limeshonwa, niko kwenye foleni ya tiketi nikijisemea kwamba nimekuja kupunga upepo tu.

Nilikaa kiti cha pembeni, nikageuza shingo kuwaangalia watu. Penye wengi pana mengi. Wanawake wawili walioujua mchezo tangu enzi zetu waliimba kabla ya filamu kuimba, wakaambiwa wanyamaze, wakanuna kama wamefukuzwa kwao. Wimbo wa sabuni mmeupunguza beti mbili, na kuna mzee alilalamika mpaka mapumziko. Wimbo wa kwanza ulipokwisha watu walipiga makofi, kisha wakatazamana. Wanampigia nani? Hakuna wa kuinama. Yule jirani wa Dobi kwenye filamu akatoa utani wake humo humo ndani ya makofi, nao ukazama wote. Jukwaani tungewangoja.

Sasa huo ukimya wako. Dobi akainua shati. Ikapita kama pumzi tatu hivi, mtu akapaza sauti: "Fundi! Sauti!" Mwingine akapiga mluzi. Fundi wa mitambo akatoa kichwa kwenye kidirisha chake kule juu: "Jamani si mimi! Ndivyo ilivyoletwa!" Ukumbi ukaangua kicheko, na Dobi akaanza kuimba katikati ya kicheko hicho. Bosi wako hakudanganya.

Huyo mwanamke mliyempa nafasi yangu nilimwangalia kidogo tu. Anaimba vizuri. Nimeandika hivyo, usiniombe nirudie.

Dada yako


31 Machi

Dada yangu,

Shikamoo! Nimeisoma barua yako mara nne. Jana nimeongeza sekunde tano baada ya wimbo wa kwanza ili makofi yapite kwanza, jirani aseme utani wake usikike. Miezi minane nimekaa na filamu hii na sikuliona hilo. Nakata nikiwa peke yangu kwenye chumba cheusi, hakuna wa kupiga makofi.

Ila kuhusu ukimya sielewi. Nimeupima kwa kumbukumbu yangu ya jukwaani, haukupungua wala haukuzidi. Mbona kule watu walizuia pumzi, na huku wanamwita fundi? Nenda tena, tafadhali, siku nyingine, na watu wengine.

Na swali moja ambalo sijawahi kukuuliza. Wewe ukiwa umesimama pale na lile shati, kichwani ulikuwa na nini? Ulikuwa unahesabu?

Bosi amenipa mpaka tarehe ishirini.

Mdogo wako,
Chiriku


9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku ni wazima, mvua tu imetuzidi. Nimekwenda mara mbili. Muuza tiketi sasa ananiita "shabiki", na mimi simsahihishi.

Jumanne walijaa wanafunzi. Ukimya ulipoingia wakatoa simu, ukumbi ukang'aa kama duka la taa. Hawakumwita fundi, waliondoka tu kimawazo.

Jumapili alasiri ndiyo nataka kukusimulia. Nyuma yangu alikaa bibi mmoja mwenye masikio mazito, ameletwa na binti yake. Bibi huyo akidhani ananong'ona, basi ukumbi mzima umesikia. Dobi akainua shati, kimya. Bibi akasema: "Maskini! Amesahau maneno!"

Watu wakacheka. Halafu, Chiriku, kicheko kikakatika. Wakamwangalia yule mwanamke kwenye skrini kama vile ni kweli amesahau. Mtu wa mbele yangu akajisogeza ukingoni mwa kiti, akaanza kumnong'oneza maneno ya wimbo: "Shati hili... shati hili nalijua..." Anaikumbusha picha! Na mwingine akafuata, na mwingine. Dobi alipofungua kinywa akaimba, ukumbi ulishusha pumzi kwa pamoja, na nakuapia hayo makofi sijayasikia tangu nilipokuwa jukwaani. Mimi nilikuwa nimejiziba uso kwa mtandio, sijui nacheka au nalia.

Kwa sababu bibi yule ndiye mtu wa kwanza kusema kweli. Umeniuliza kama nilikuwa nahesabu. Nilisahau, mdogo wangu. Siku ya onyesho la kwanza niliinua shati na kichwa kikawa kitupu, hata jina langu nisingelitaja. Niligeukia upande wa pazia nikumbushwe, kimya. Nikasimama tu na maji yananiingia kwenye viatu, mpaka maneno yakarudi yenyewe. Tulipotoka, mwalimu wa kundi alinishika mabega akasema ukimya ule ni kipaji, niufanye kila siku. Ningemwambia nini? Nikazimeza sifa. Nimezimeza miaka kumi na moja.

Na kila onyesho baada ya hapo nilifanya kama nimesahau tena, kwa sababu niligundua kinachowashika watu. Walikuwa wananiogopea. Filamu haiwezi kusahau, na watu wanalijua hilo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini pawe na mtu wa kuusubiri huo mshindo kwa hofu. Kama humo ndani huna mtu anayeogopa, mwambie bosi yuko sahihi, ukate. Sitakasirika.

Dada yako


13 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, chai imechemka mpaka imezima jiko.

Dada, kukumbusha ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekaa nyuma ya pazia na daftari la maneno mapajani, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kumnong'oneza aliyesahau. Uligeuka ukanitazama, nami sikuwa kwenye ukurasa. Nilikuwa nimeupoteza zamani. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma, vidole vikakataa. Nilikuacha peke yako mbele ya watu mia tatu.

Miaka yote hii nilidhani unajua, na kwamba umenisitiri. Kila ulipotulia na lile shati, maonyesho yote yale, mimi nyuma ya pazia nilihisi unanikumbusha kosa langu. Ndiyo maana naweza kuupima mpaka sekunde. Na mbele ya bosi nikakuacha peke yako mara ya pili, kwa kinywa kile kile kilichofungwa.

Sasa kazi. Umesema pawe na mtu anayeogopa. Siku ya kupiga picha, yule anayeigiza jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa kamba. Hakuna aliyemwambia kuhusu ukimya, akadhani mwenzake amesahau kweli. Kamera ya pili ilikuwa usoni pake. Macho yamemtoka, ameng'ang'ania kibanio cha nguo, midomo inacheza ikijaribu kumkumbusha. Kipande hicho nilikitupa nikidhani ni makosa. Leo nimekiokota, nimekiweka katikati, sekunde sita. Kesho nampelekea bosi. Akikataa nitabishana naye safari hii, nimekwisha kuinamisha kichwa vya kutosha.

Mdogo wako,
Chiriku


18 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Mgongo umepoa kidogo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nione kwa macho yangu, na nakala mpya imefika juzi.

Nilikaa katikati safari hii. Dobi akainua shati. Nikasikia mtu mmoja tu nyuma akianza, "Fun...", kisha uso wa jirani ukatokea na yule mtu akajinyamazia. Hakuna simu iliyowaka. Watoto walimshika mama yao. Mwanamume wa kiti cha kando yangu, mtu mzima mwenye tai, alikamata mkono wa kiti kwa nguvu, na juu ya mkono wa kiti palikuwa na mkono wangu. Hakujua. Alinibana mpaka Dobi alipoimba, ndipo akashtuka na kuniomba radhi. Nikamwambia hakuna neno, hata mimi niliogopa. Na ilikuwa kweli, nami ndiye ninayezijua sekunde hizo kuliko mtu yeyote.

Na filamu safari hii niliitazama yote, na yule mwanamke nilimtazama vizuri. Nilikuwa namwonea wivu, tusifichane. Sasa umenitoka, au umebaki kiasi cha kawaida.

Kuhusu daftari, sikujua. Nilidhani umenong'ona na mimi kwa hofu sikusikia. Nimekusamehe la ukurasa papo hapo. Lile la bosi limenichukua wiki moja zaidi, lakini nalo nimekusamehe. Ukipata likizo njooni, wewe na watoto, kitanda kipo.

Ila kuna jambo moja linanikeresha tangu nilipoisoma barua yako, na unajua mimi na udadisi. Daftari lile ulilijua kwa moyo. Ulikuwa hufanyi mchezo na kazi. Sasa siku hiyo, mpaka ukaupoteza ukurasa, ulikuwa unatazama nini?

Dada yako


26 Mei

Dada,

Shikamoo. Mengine nitakuambia nikija, tiketi nimekata.

Nilikuwa nakutazama wewe.

Mdogo wako